UZI: Jinsi ya kusoma (na kuuliza) maswali ya Bunge kwa Wizara ya Mambo ya Ndani: polisi, magereza na uhamiaji

#1 Karani wa Hansard

Wakuu, salaam.

Kila kikao cha Bunge letu la Tanzania kikianza saa tatu asubuhi, kipindi cha maswali kinapita watu wakiwa kazini. Jioni tunaletewa kipande cha sekunde 40: "Naibu Waziri asema msongamano magerezani umepungua." Watu wanabishana siku mbili bila hata mmoja kufungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Naweka hapa mambo ya kuangalia kabla ya kushangilia au kulaani. Wanaojua zaidi waongeze.

Kwanza, swali lenyewe. Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inaliruhusu Bunge kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno ya kushika ni hayo ya mwisho: yaliyo katika wajibu wake. Swali la msingi linapelekwa kwa maandishi mapema kwa Katibu wa Bunge. Linapewa namba, na wataalamu wa wizara wanaandaa jibu. Kinachosomwa ukumbini ni karatasi iliyopita mikononi mwa watu wengi. Ndiyo maana jibu la msingi halikosei hata koma, na pia halitoi hata inchi moja zaidi ya ulichouliza.

Habari huwa iko kwenye maswali ya nyongeza. Muuliza swali ana nafasi ya maswali mawili, na hapo anayejibu anategemea kichwa chake na vikaratasi vya maafisa walioketi nyuma. Wabunge wengi wanapoteza nafasi hii kwa kuomba ("je, yuko tayari kuongozana nami hadi jimboni kwangu?"). Jibu ni "nipo tayari", makofi, kaa chini. Swali limekufa.

Pili, maneno ya kuchuja. "Serikali inatambua umuhimu" maana yake hakuna fedha. "Kadri ya upatikanaji wa fedha" maana yake hakuna tarehe. "Tathmini imefanyika" maana yake kuna mtu alikwenda na futi. "Zimetengwa" ni hatua, lakini "zimetengwa" si "zimetolewa", na "zimetolewa" si "zimetumika". Hayo ni maneno matatu yenye hatua tatu tofauti.

Tatu, mahabusu si wafungwa. Mfungwa amehukumiwa. Mahabusu anasubiri kesi, na kwa Ibara ya 13(6)(b) hajawa mkosaji. Jibu likisema "wahalifu waliopo magerezani" likawajumlisha wote, namba imeshachafuka. Na neno mahabusu lenyewe lina vyumba viwili: kuna mahabusu ya kituo cha polisi, ambayo ni mali ya Jeshi la Polisi, na kuna mahabusu wa gerezani kama Segerea na Keko, ambao wako chini ya Magereza. Mbunge akiuliza "hali ya mahabusu" bila kutaja ipi, atajibiwa ile yenye jibu zuri.

Nawasilisha.

#2 Kizimba cha Tatu

Mleta uzi umeanza vizuri. Niongeze upande wa sheria, kwa sababu ndipo majibu ya magereza yanapokwama kila mwaka.

Waziri wa Mambo ya Ndani ana funguo za gereza, lakini hana ufunguo wa kesi. Anayeamua nani ashtakiwe na kwa kosa gani ni Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP), ambaye kwa Ibara ya 59B anafanya kazi bila kuingiliwa. Anayetoa dhamana ni mahakama. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka na Mahakama ziko upande wa Katiba na Sheria. Kwa hiyo ukimwuliza Mambo ya Ndani "lini mtapunguza mahabusu?" unamwuliza mwenye ghala kwa nini mavuno ni mengi.

Msongamano unaingilia milango gani? Wa kwanza ni makosa yasiyo na dhamana, kifungu kinachojulikana kama 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengineyo. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinakiuka Katiba katika shauri la Dickson Sanga, Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Kipo. Kilichoondoka ni 148(4), kile cha hati ya DPP kuzuia dhamana, kwenye shauri la Jeremia Mtobesya, Rufani 2018. Watu wanachanganya hivi viwili kila siku.

Wa pili ni "upelelezi haujakamilika". Kifungu cha 225 kinaweka ukomo wa siku 60 za kuahirisha, halafu kinaruhusu hati ya Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, kisha ya Wakili wa Serikali, kisha ya DPP, jumla isizidi miezi 24. Kesi za ulaghai na kughushi zimetengwa humo, na za mauaji hazimo kabisa, maana mahakama ya chini haina mamlaka ya kuzisikiliza. Hakimu akimwachia mtu kwa kifungu hicho, hakuna kinachozuia akamatwe tena nje ya mlango kwa kosa lilelile. Marekebisho ya 2022 yalitaka upelelezi ukamilike kabla ya kufungua mashtaka, isipokuwa kwa makosa makubwa. Na hayo makubwa ndiyo yanayolaza watu miaka.

Wa tatu hautajwi bungeni: dhamana imetolewa, lakini mtu hana wadhamini wenye barua, kitambulisho na mali isiyohamishika. Huyo anahesabiwa mahabusu sawa na wa mauaji. Mbunge mwenye akili angeuliza: "Kati ya mahabusu waliopo, wangapi wana dhamana iliyo wazi ila hawajatimiza masharti?" Namba hiyo gereza linayo, kwa sababu imeandikwa kwenye hati ya kumrudisha rumande.

#3 Mpemba wa Wete

Hapa ndipo Wabara mnaponichekesha. Uzi mzima mnasema "magereza" kana kwamba ni ya Muungano. Fungueni Nyongeza ya Kwanza ya Katiba: namba 4 Polisi, namba 6 Uraia, namba 7 Uhamiaji. Magereza haimo. Zanzibar tuna Chuo cha Mafunzo, idara maalumu ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ).

Maana yake ni kwamba mbunge wa Pemba akiuliza Dodoma kuhusu kituo cha polisi Wete, ni sawa kabisa. Akiuliza kuhusu waliofungwa Kilimani, anapigwa chenga, na waziri ana haki. Hilo ni la Baraza la Wawakilishi. Takwimu zikitajwa za "magereza yote nchini", jueni Unguja na Pemba hazimo.

#4 Karani wa Hansard

#3 umenisahihisha, ahsante Sheikh. Nimo.

Niongeze la msamaha wa Rais (Ibara ya 45), kwa sababu hupenya kwenye majibu kama "hatua za kupunguza msongamano". Aprili 26, 2021 Rais Samia aliwasamehe wafungwa 5,001. Vichwa vya habari: "5,001 waachiwa". Soma tamko: waliotoka siku ile ni 1,516. Waliobaki 3,485 walipunguziwa kifungo wakaendelea kukitumikia. Desemba 9, 2019 Magufuli naye alitangaza 5,533. Na msamaha haumgusi mahabusu hata mmoja, maana hajahukumiwa. Gereza lililojaa mahabusu halipumui kwa msamaha.

#5 Chogo

Kumbe ndo maana kila mwaka wanasamehewa na kila mwaka wamejaa 😂

#6 Mzee wa Kasma

Niingie kwenye fedha. Wizara hii ina mafungu matano: 14 Zimamoto na Uokoaji, 28 Polisi, 29 Magereza, 51 Wizara yenyewe, 93 Uhamiaji. Jibu likisema "fedha zimetengwa kujenga kituo cha polisi", fungua Kitabu cha Nne cha bajeti (miradi ya maendeleo), Fungu 28, tafuta mradi. Haumo? Basi kuna njia moja ya halali iliyobaki: Mfuko wa Tuzo na Tozo wa Jeshi la Polisi, ambao umemalizia vituo vingi. Huo nao haumo? Basi ni maneno.

Maswali ya vituo vya polisi ndiyo mengi kuliko yote katika wizara hii, na mtego uko kwenye ujenzi wa nguvu za wananchi. Kijiji kinachanga, kinapandisha boma mpaka lenta, halafu mbunge anauliza "lini Serikali itamalizia?" Jibu linakuja: boma halikufuata ramani. Nalo ni kweli mara nyingi. Kituo cha polisi si ofisi ya kijiji yenye nondo dirishani. Kinahitaji ghala la silaha lenye ukuta na mlango wake, chumba cha mahabusu wanaume, chumba cha wanawake, sehemu ya watoto mbali na watu wazima kama Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotaka, choo ndani ya eneo la mahabusu ili mtu asitolewe nje usiku, kaunta, chumba cha vielelezo. Boma la vyumba vinne halibadiliki kuwa hivyo bila kubomoa. Na hati ya kiwanja isiposomeka Jeshi la Polisi, fedha za Serikali haziingii hapo.

Kabla hamjachanga: chukueni ramani kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Jueni mnajenga daraja gani, maana C cha kata si A cha wilaya, na tofauti ya gharama ni kubwa. Andikeni muhtasari wa kukabidhi ardhi. Halafu anzeni msingi.

Swali la nyongeza la maana si "lini mtamalizia". Ni "kikikamilika, ikama ya askari ni wangapi, na gari linatoka wapi?" Kuna majengo yamezinduliwa kwa utepe, leo yana askari wawili na pikipiki isiyo na mafuta.

#7 Kizimba cha Tatu

Nakazia hapo kwenye mafuta. Karandinga likikosa mafuta au likifa, mahabusu hawafiki mahakamani, kesi inaahirishwa siku 14, gereza linabaki na mtu wiki mbili zaidi. Tatizo la magereza linaanzia kwenye pampu. Video ya mahakama mtandao imesaidia kwa kutaja kesi, lakini shahidi akihojiwa bado watu wanataka kumwona mshtakiwa uso kwa uso.

#8 Mwana Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Baada ya Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge, wakawa wanaitwa mbele ya kamati tu. Siku hizi wanakuja ukumbini, na Bunge la Taifa siku yao ni Jumatano. Wizara ya Usalama wa Ndani imeshika polisi, uhamiaji na magereza, kwa hivyo kiongozi mmoja anajibu yote.

Lakini ana ngao: Ibara ya 245. Waziri anaweza kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera kwa maandishi, lakini hana ruhusa ya kumwelekeza kuhusu kuchunguza kosa fulani. Mbunge akiuliza "kwa nini fulani hajakamatwa", waziri anasema hilo si langu, na kisheria hakosei. Ukitaka jibu kuhusu aliyefia seli, nenda IPOA, ambayo ni mamlaka huru ya kusimamia polisi. Bungeni uliza IPOA imepewa pesa ngapi na imepeleka faili ngapi kwa DPP. Hapo waziri hana pa kujificha.

#9 Mbeba Boksi Dublin

Ireland nako ni hivyo. Waziri wa Sheria ameshika polisi wao (Garda), magereza na uhamiaji, na mwaka 2025 jina la wizara likaongezewa Mambo ya Ndani na Uhamiaji. Ngao yao ni "hilo ni suala la kiutendaji la Kamishna wa Garda". Utalisikia hadi uchoke.

Tofauti kubwa ni maswali ya maandishi. Wabunge wanayatuma makumi ya maelfu kwa mwaka kwa wizara zote, taarifa ya siku tatu, na majibu yanawekwa mtandaoni yakiwa na majedwali: gereza kwa gereza, vitanda vingapi, watu wangapi, wangapi wanalala magodoro ya chini. Yale ya mdomo yanapangwa kwa bahati nasibu. Waandishi hawahangaiki na ya mdomo, wanasubiri majedwali.

#10 Karani wa Hansard

#9, na kwetu maswali ya maandishi yapo! Wabunge hawayapendi kwa sababu hayaoneshwi kwenye TV. Ila ndiyo yanayoweza kubeba jedwali. Huwezi kusoma jedwali la magereza zaidi ya 100 kwa mdomo, Spika atakukatisha.

#11 Getini Tunduma

Uhamiaji mmeuruka, ngoja niuguse. Makosa matatu ninayoyaona kwenye maswali.

La kwanza, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Ukaazi ni Uhamiaji: daraja A wawekezaji na waliojiajiri, B walioajiriwa, C wengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Kibali cha kazi ni cha Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Mbunge akiuliza Mambo ya Ndani kwa nini mgeni anauza chipsi Kariakoo, nusu ya jibu iko wizara nyingine, na hiyo nusu ndiyo yenye uzito.

La pili, pasipoti. Ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018, ada ni shilingi 150,000. Ucheleweshaji mwingi hauanzii Uhamiaji, unaanzia kwenye namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na cheti cha kuzaliwa chenye herufi tofauti na kitambulisho. Ukiuliza "kwa nini pasipoti zinachelewa" utajibiwa muda wa kuchapisha tu, ambao ni mfupi. Uliza muda kutoka ombi kupokelewa hadi kukabidhiwa, na mangapi yamerudishwa kwa sababu ya taarifa kutofanana.

La tatu ndilo zito. Waethiopia wanaokatiza kwenda Afrika Kusini wanakamatwa njiani, kuanzia Kilimanjaro na Tanga hadi Mbeya na huku kwetu. Wanashtakiwa, wanafungwa, wanamaliza kifungo, halafu bado wako gerezani kwa sababu hakuna hati ya safari wala nauli ya kuwarudisha. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) limesaidia kuwarejesha kwa makundi. Huyo si mfungwa tena, si mahabusu, ni mgeni anayesubiri ndege, lakini anakula sahani ya Fungu 29. Swali la kuuliza ni wangapi wamemaliza vifungo na wanasubiri kuondoshwa, kwa uraia, na aliyekaa muda mrefu zaidi amekaa siku ngapi. Msikubali "wahamiaji haramu" kama jibu la pamoja. Wakimbizi wa kambini, kama wa Nyarugusu, wana sheria yao ya 1998, hawachanganywi humo.

#12 Mjumbe Nyumba Kumi

Mnazunguka sana. Uwezo wa magereza ni karibu 29,900 kwa mujibu wa hotuba za bajeti. Waliomo wakiwa 31,000, msongamano ni kidogo tu. Kelele za nini?

#13 Kizimba cha Tatu

#12 mkuu, hapo umeteleza kwenye ganda la wastani. Magereza ya kilimo yana nafasi, ya mijini hayana. Mahabusu hawezi kupelekwa gereza la shamba kilomita 200, kwa sababu lazima arudi mahakamani kila tarehe ya kesi. Kwa hiyo nafasi iliyo wazi shambani haimsaidii aliye Segerea. Mfano tu wa hesabu: gereza A uwezo 1,000 lina 400, gereza B uwezo 500 lina 1,100. Jumla ni 1,500 kwa 1,500, "hakuna msongamano". Kalale B.

Halafu huo "uwezo" ni hesabu ya nafasi za kulala, si ya vyoo, maji wala zahanati.

Kuna njia za kutoa wafungwa ambazo kweli ziko mikononi mwa wizara hii. Punguzo la theluthi moja kwa tabia njema: kifungo cha miaka 6 kinakuwa 4. Parole (kuachiwa mapema kwa masharti): vifungo vya miaka 4 na zaidi, baada ya kutumikia theluthi, isipokuwa makosa yaliyotengwa kama unyang'anyi wa silaha na dawa za kulevya. Huduma kwa jamii: vifungo visivyozidi miaka 3. Uliza ni wangapi walistahili, wangapi waliombewa, wangapi walitoka. Kati ya "walistahili" na "waliombewa" ndipo pengo lilipo, kwa sababu ripoti ya afisa wa probesheni inahitaji kwenda kijijini kwa mfungwa, na safari hiyo ni posho na gari. Turudi kwa Mzee wa Kasma.

#14 Chogo

Na ile Tume ya Haki Jinai imeishia wapi?

#15 Karani wa Hansard

Ilikuwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikakabidhi ripoti Julai 2023. Mapendekezo mengi, likiwemo la kulisuka upya Jeshi la Polisi liwe huduma ya polisi. Ukiuliza "utekelezaji umefikia wapi" utaambiwa "unaendelea vizuri". Chukua pendekezo moja, uliza muswada wake utasomwa mkutano upi wa Bunge.

Haya, tujaribu kuandika swali moja la maandishi ambalo mtu anaweza kumpelekea mbunge wake. Rasimu:

"Je, ni mahabusu wangapi waliokuwepo katika kila gereza Tanzania Bara, kati yao wangapi (a) wana makosa yasiyo na dhamana, (b) wana dhamana iliyo wazi lakini hawajatimiza masharti, (c) wamekaa zaidi ya miaka miwili, na uwezo wa kila gereza ni upi?"

#16 Mzee wa Kasma

Weka tarehe. "Hadi Machi 31", vinginevyo watachagua siku ya kesho yake ya msamaha.

#17 Kizimba cha Tatu

Na (c) igawanye: miaka miwili hadi mitano, na zaidi ya mitano. Ongeza (d), wanawake walio na watoto. Nakala ya swali iende pia Katiba na Sheria, lenye maneno yaleyale na tarehe ileile, halafu tulinganishe majedwali mawili.

#18 Mpemba wa Wete

Mmeandika "Tanzania Bara". Leo mmenifurahisha.